Baba mkwe aliliziba shimo lililovunja rimu yangu kabla sijalipiga picha (Johannesburg)

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa napita kimya kimya kwenye nyuzi za wenzangu, nacheka, naondoka zangu. Leo nimeona na mimi nitoe changu.

Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijayapandisha. Sehemu nilizoongeza chumvi amenifutisha zote. Kwa hiyo mnachosoma ni kitu safi.

Niiteni Mbwana. Kwetu Tanga, Ngamiani. Huku Sauzi naishi Rosettenville, kusini mwa jiji, mtaa wenye Wareno wa zamani, Wakongo, Wamsumbiji na sisi.

Kazi yangu ni gari. Asubuhi nabeba watoto wa shule, mchana nasambaza vitambaa kwa mafundi cherehani. Gari lenyewe ni Corolla ya zamani, limezeeka lakini lina adabu.

Sasa, kabla sijafika kwenye shimo, lazima mumjue mzee.

Baba mkwe wangu, Mzee Athumani, alistaafu bandarini Tanga. Nilipopeleka posa alikubali kwa shingo upande. Aliniambia mbele ya wazee wangu kwamba hana ubaya na mimi, ila hamwelewi mtu anayekwenda kuishi kwenye nchi ya watu wakati kwao pana nafasi.

Nikaoa. Nikamchukua binti yake. Miaka ikapita tunambembeleza aje atutembelee, kila mara ana sababu. Mara miguu, mara msikiti unapigwa rangi, mara kuku.

Mwaka jana mvua za huku zilipokolea, akakubali.

Wakuu, nilisafisha nyumba kama anakuja rais. Mke wangu, mama Salha, akawa ananicheka. Lakini mimi nilikuwa na nia moja tu, mzee arudi Tanga moyo wake umetulia kuhusu binti yake na kuhusu mimi.

Na kwetu, waliooa pwani watanielewa, baba mkwe habishiwi. Akisema chai haina sukari unaongeza, hata kama imeshakuwa uji wa sukari. Huingii mlangoni kabla yake. Hupandishi sauti.

Mzee mwenyewe hana makuu. Ana kitu kimoja tu kinachomtawala. Hawezi kuona kitu cha kuumiza watu kipo njiani akakiacha. Ni mambo ya dini hayo, anataka thawabu, lakini nadhani ndivyo alivyoumbwa pia.

Wiki ya kwanza tu, kila akitoka kuswali alfajiri anaokota vipande vya chupa mtaa mzima, anatia kwenye ndoo. Bibi wa Kireno wa jirani, mwenye mzabibu mbele ya nyumba, akaanza kumwekea kishada cha zabibu juu ya ukuta. Hawana lugha hata moja ya kuzungumza. Mzee anaweka mkono kifuani, bibi anaweka mkono kifuani, basi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Mvua ilinyesha usiku kucha, ile ya Jozi yenye radi. Adhuhuri tukatoka kwenda msikitini, mzee kakaa mbele, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia gari zima.

Njia panda robot zilikuwa zimezima, yaani taa za kuongozea magari, huku ndiyo jina lake. Nikapunguza mwendo, nikaiachia taxi moja, ndiyo daladala za huku, ipite, nikakata kona. Mbele nikaona dimbwi. Dogo, la kistaarabu. Nikaingia.

Wakuu, lile halikuwa dimbwi.

Gurudumu la mbele kushoto lilizama mpaka rimu. Kikasikika kishindo, usukani ukanitoka mkononi, kofia ya mzee ikarukia kwenye dashibodi. Mzee akasema "Lahaula", akaokota kofia yake, akaivaa, kisha akanigeukia.

"Mbwana, hujaumia?"

Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza yeye. Nilikuwa bado natafuta pumzi.

Tairi limepasuka, rimu imejikunja, shokapu imetoka nje inanichungulia. Gari haliendi popote.

Bahati nzuri pale pale kona kuna duka la Papa Jolie. Huyu ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, rafiki yangu na mteja wangu. Jolie ni binti yake wa kwanza, kwa hiyo kila mtu anamwita hivyo. Alitoka mbio, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akaita watu, tukalisukuma gari mpaka uani kwake.

Swala ya Ijumaa ndiyo ikatupita.

Mzee hakulalamika, lakini nilimwona anaangalia saa. Papa Jolie naye akamwona. Huyu ni mtu wa kwaya kanisani, Jumapili humpati kwa chochote. Akaingia dukani, akatoa kitenge kipya kwenye shelfu, hakijakatwa hata pindo, akakitandika sakafuni.

"Muzee ataomba hapa. Iko propre, iko safi."

Mzee akaswali adhuhuri yake juu ya kile kitenge, katikati ya cherehani. Alipomaliza akakikunja vizuri, akamrudishia, akaniambia pembeni kwamba yule mtu kalelewa. Kwa mzee hakuna sifa inayozidi hiyo.

Sasa sikilizeni mambo ya madai, maana najua wengi ndicho mlichofuata.

Mzee akiwa bado anaswali, Papa Jolie alinivuta nje.

"Mbwana, usitengeneze hii gari na mufuko yako. Mairie ya hapa inalipaka. Client wangu moja walimulipa."

Mimi miaka yote niko hapa, sikujua. Yaani jiji likiacha shimo barabarani na likakuharibia gari, unaweza kulidai. Lakini uwe na vitu. Picha za shimo, pembeni umeweka kitu cha kuonyesha ukubwa wake. Picha za gari. Uripoti shimo upewe reference number. Kiapo cha polisi. Quotation za gereji. Na makaratasi yako na ya gari yawe sawa, ya kwangu yako sawa.

Nikatoa simu nikapiga picha. Nikaangalia. Nimepiga dimbwi lenye mawingu ndani yake, picha nzuri ya kuweka ukutani lakini shimo halionekani.

Nikaripoti kwa simu, nikapata namba. Tukakubaliana na Papa Jolie kwamba kesho maji yakikauka nije nipige picha za maana, na futi yake atanipa.

Mazungumzo yote haya mzee hakuyasikia, alikuwa ndani kwenye swala na nyiradi zake. Wekeni hilo akilini.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani mzee akasema, "Lile shimo litamuumiza mtu."

"Ni kweli, baba."

"Akipita mtu wa pikipiki pale, halioni."

"Ni kweli kabisa, baba."

"Si vizuri kuliacha vile."

"Si vizuri, baba."

Wakuu, mimi nilikuwa naitikia kama mkwe. Sikujua kuwa natoa kibali.

Jumamosi jua likawaka. Mimi asubuhi nikaenda kuzunguka gereji kutafuta quotation, nikamwacha mzee anakunywa chai. Mama Salha alikuwa saluni kwake. Adhuhuri nikashuka kwenye taxi karibu na kwa Papa Jolie, simu imejaa chaji, nimejipanga.

Kabla sijafika kwenye kona nikasikia honi. Si za hasira, zile fupi fupi za kushukuru.

Nikakata kona.

Mzee Athumani yuko katikati ya barabara, suruali kaikunja mpaka magotini, kofia kichwani, ameshika gogo anashindilia. Papa Jolie ana koleo. Majirani wawili wanaongoza magari. Na pale palipokuwa na shimo hapana shimo.

Walikuwa wamechukua vifusi vya ukuta wa nyuma aliobomoa yule bibi wa Kireno, wakajaza chini. Juu yake changarawe. Juu yake saruji iliyokuwa imebaki Papa Jolie aliposakafia uani kwake. Pamekaa sawa kama meza.

Nikairudisha simu mfukoni.

Ngojeni niwaeleze kitu ambacho wasioishi Jozi hawakijui. Huku wapo watu wanaoziba mashimo kwa mchanga halafu wanasimama pale kuomba chochote kwa madereva. Ni riziki yao, sina neno. Kwa hiyo madereva walimwona mzee wakajua ni mmoja wao.

Taxi ikapita, dereva akarusha sarafu. Mzee akaiokota, akaanza kuikimbiza ile taxi.

"We bwana! We bwana, umedondosha!"

Dereva akaona mzee anakimbia mkono juu, akadhani hajaridhika. Akarusha nyingine.

Mzee akarudi anahema, ameshika sarafu zote, anashangaa nchi hii watu wanavyopoteza vitu ovyo. Akampa Papa Jolie amtunzie mpaka mwenyewe atakapozifuata.

Halafu akaniona. Uso wake ulivyong'aa siwezi kuuandika hapa.

"Mbwana! Njoo ukanyage."

Nikaenda nikakanyaga pembeni, pale saruji ilipoanza kushika. Wallahi palikuwa imara.

"Hataumia mtu tena hapa," akasema.

"Ahsante sana, baba. Mungu akulipe."

Ningesema nini jingine?

Nikamwangalia Papa Jolie. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya picha, jana tu, kwa mdomo wake. Akashusha macho. Mzee alipokwenda kunawa, akanisogelea.

"Pardon, Mbwana. Muzee alikuya asubui-asubui, akaniomba koleo. Akasema tufunge hii shimo. Mimi mutoto wa watu, nimukatalie baba mukubwa? Na akishaanza, mimi nikae namutazama?"

"Ungemwambia nina shida na picha."

"Vraiment nilijaribu. Nikasema, muzee, Mbwana anatakaka kuiona kwanza. Akasema, Mbwana ameshakubali."

Basi hapo nikahesabu. Ni kweli nilikubali, tena mara tatu.

Mzee aliporudi akaomba nimpige picha amesimama pale. Nikampiga. Ndiyo ikawa picha yangu ya kwanza inayoonekana vizuri ya lile eneo la tukio.

Nyumbani nikamsimulia mama Salha chumbani kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, amejiziba mdomo na kanga ili baba yake asisikie. Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akasema, "Usimwambie baba."

Nikasema siwezi kuthubutu.

Na siku zilizofuata zilikuwa nzuri, nisiwafiche. Mzee alikuja mgeni, sasa akawa na mtaa wake. Akipita kwa Papa Jolie anaitwa ndani, anapewa kiti. Madereva wa taxi wanampigia honi. Kajifunza neno moja la huku, anainua kidole gumba anawajibu, "Sharp!"

Jioni tunakaa kibarazani ananisimulia mambo ya bandarini enzi zake, anacheka na mimi. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kukaa hivyo na mzee huyu. Nikajisemea rimu na iende, tena na shokapu.

Lakini wakuu, shida haina heshima. Watoto wa shule nilikuwa nawabeba kwa gari la kuazima, na mwenye gari akaanza kuguna. Fundi wa gari naye ananipigia simu, nitengeneze nisitengeneze?

Ndipo Papa Jolie akanitumia video.

Kumbe ile Jumamosi alikuwa amemrekodi mzee ili amtumie mama yake Bukavu, aone mzee wa Kitanzania anavyofanya kazi. Haikumjia kwamba na shimo limo. Video inaanza shimo likiwa tupu, maji yamekauka. Mzee anaingia ndani yake kupima. Linammeza nusu ya ugoko. Anasema bismillahi, anacheka, anatoka.

Nyuma jina la mtaa linasomeka kwenye nguzo.

Niliruka. Hakuna kipimo kizuri kuliko mguu wa mtu. Nikamwonyesha mama Salha. Yeye hakuruka.

"Utapeleka picha ya baba serikalini bila yeye kujua?"

Nikaiweka simu chini.

"Na kwenye kiapo utasema nani kaziba? Upepo?"

Kumwomba ruhusa ni kumwambia. Kumwambia ni kumjulisha kwamba ile furaha yake yote imeniharibia madai. Nilizunguka na hilo jambo kichwani, nalala nalo, naamka nalo. Mwisho shida ikashinda.

Nikamwambia kibarazani, baada ya alasiri. Nilianzia mbali sana, nikaanza na habari za serikali za mitaa duniani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikata.

"Kwa hiyo nimekuharibia?"

"Hapana, baba."

"Sema kweli."

"Kidogo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema video nitumie, na yeye atakwenda polisi aseme kwa mdomo wake. Akanyanyuka akaingia ndani.

Kesho yake alfajiri ndoo ya chupa ilibaki ukutani.

Na kesho yake pia. Akawa anatoka msikitini anakuja moja kwa moja nyumbani. Kipande cha chupa kiko mlangoni, ananiita, "Mbwana, hiki nikiondoe au kina kazi?"

Anataka kufagia, anauliza kwanza. Anataka kufunga bomba linalovuja, anauliza. Bibi wa Kireno akaweka zabibu ukutani, zikakaa mpaka ndege wakaja. Akaniuliza kwa ishara, mzee anaumwa?

Hapo iliniuma, wakuu, iliniuma kweli. Mtu amefika umri ule akiwa na starehe moja tu duniani, kuondolea watu kero, na mimi nimeifanya imuogopeshe. Kwa ajili ya rimu.

Mama Salha hakunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Polisi tulikwenda wote watatu. Mzee kavaa kanzu na koti. Askari wa zamu alikuwa mama mmoja wa makamo, Mzulu, ana sauti ya upole. Mzee akasema kwa Kiswahili, mama Salha akatafsiri neno kwa neno, mimi nimesimama kama mshtakiwa.

"Mwambie mimi ndiye niliyeziba. Mkwe wangu hakunituma. Aliumia yeye gari lake, na mimi nikamwongezea. Kosa ni langu."

Yule mama askari akaacha kuandika. Akamwangalia mzee, akamuuliza mama Salha, "Uthini ubaba? Baba anasema nini? Anashtakiwa na nani?"

"Hashtakiwi. Anajieleza tu."

"Eish, baba," akasema yule askari. Akagonga muhuri wake, kisha akainuka na kumshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Mzee hakujua ashukuru au aombe radhi, akafanya yote.

Madai nikapeleka. Kiapo, video, quotation, namba ya ripoti, kila kitu. Gari nikalitengeneza kwa rimu ya mtumba ili watoto wasikose shule, risiti nikaweka humo humo.

Muda wa mzee ukaisha. Uwanja wa ndege, kabla hajaingia ndani, akanishika bega.

"Mbwana, unisamehe."

Baba mkwe ananiomba mimi msamaha, mbele ya watu, na begi lake begani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Akaingia ndani hivyo hivyo, mabega chini.

Mzee nilitaka arudi Tanga moyo umetulia. Kuhusu binti yake ulikuwa umetulia, aliniambia mwenyewe. Lakini aliondoka na mzigo aliouchukua nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Kila Ijumaa akitoka msikitini anapiga simu. Anamsalimia mwanawe, anamsalimia mjukuu wake Salha anayemjibu kwa Kiingereza, halafu anataka aongee na mimi.

"Wamejibu?"

"Bado, baba."

"Inshallah watajibu."

Ilienda hivyo miezi. Mpaka majibu yakaja.

Nilisoma kwenye simu nikiwa nasubiri watoto nje ya shule. Kwa Kiswahili chetu walisema hivi. Mkaguzi wao alifika mahali palipotajwa. Alikagua uso wa barabara. Akaukuta imara, uko sawa, salama kwa magari, hauna kasoro yoyote. Kwa hiyo madai hayakubaliki. Kama sikuridhika naweza kukata rufaa ndani ya muda waliotaja.

Video sijui kama waliifungua.

Nilikasirika, nisidanganye. Nikapiga usukani. Halafu hasira ikaisha ikabaki hofu, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na kesho yake mzee atapiga.

Nikamwambia mama Salha nitasema bado hawajajibu. Akasema, "Utamdanganya baba mpaka lini?"

Ijumaa simu ikaita. Tukaiweka sauti ya nje.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, baba."

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

Nilisikia magari ya Tanga kwa nyuma, na mtu anauza kashata.

"Wamekataa kwa sababu yangu," akasema.

Nikaona bora nisome barua yenyewe kuliko kutunga. Nikaanza kuisoma, naitafsiri polepole, nikafika pale pa mkaguzi.

"Ngoja," akasema mzee. "Rudia hapo."

Nikarudia. Uso wa barabara ni imara, uko sawa, salama kwa magari, hauna kasoro yoyote.

"Hayo wamesema wao wenyewe?"

"Wao wenyewe, baba."

"Huyo mkaguzi ni injinia?"

"Nadhani, baba. Lazima awe injinia."

"Na alikwenda kwa miguu yake akapaangalia? Baada ya mvua zote hizo?"

"Alikwenda, baba."

"Hakutia kasoro?"

"Hakutia hata moja."

Wakuu, kule upande wa pili mzee akaanza kucheka. Kwanza kidogo kidogo, halafu kile kicheko chake cha kibarazani. Nikamsikia anamwambia mtu aliye karibu yake, "Njoo usikie, njoo! Serikali ya Sauzi imekagua kazi yangu ikapita!"

Mama Salha alikuwa anacheka na kulia pamoja, ameshika simu kwa mikono miwili.

Mzee akataka barua yote niitafsiri vizuri, niiandike, nimtumie ili akaichapishe. Nikamwambia nitafanya hivyo. Halafu nikamweleza kwamba bado nina nafasi ya kukata rufaa, na video iko, na kiapo kipo, huenda wakalipa.

Nikasikia anavuta kiti.

"Mbwana."

"Naam, baba."

"Usikate rufaa. Watakwenda kupachimba waangalie."

Wakuu, makaratasi yote ninayo. Muda wa rufaa ulikuwepo. Wanasheria wa humu najua mtanitukana, na mna haki. Lakini baba mkwe amesema, na mimi nikasema ndiyo, baba, na safari hii niliitikia nikijua naitikia nini.

Kwa mlio huku au mnaokuja, mafunzo ni haya. Dimbwi msiliamini. Ukiangukia shimoni piga picha hapo hapo, hata kama lina maji tumbukiza kijiti kionyeshe kina. Pata reference number, pata shahidi, andika jina lake. Na kama umefikiwa na mkwe nyumbani, mweleze mipango yako mapema kabla hajaamka kuswali.

Aliyewahi kulipwa na jiji lolote, la huku au la nyumbani, atueleze alifanyaje ili wengine wapate. Wenye wakwe kama wangu nao karibuni kwenye maoni.

Mimi leo nimepita pale na watoto wa shule garini, mwendo wa kawaida, hata hatukutikisika.